Kidonda cha Mguu wa Kisukari: Ondoa Mzigo Kwanza



Katika kila msimu wa uchumaji hakukosekani shamba ambalo mwenye shamba, au mchumaji wake wa siku nyingi, anaonekana ameufunga mguu kitambaa, naye yuko pale pale chini ya mikarafuu tangu asubuhi mpaka jioni. Ukimwuliza ana nini, atakujibu, "Si kitu, ni kidonda kidogo, wala hakiumi." Basi maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotutia hofu. Mtu mwenye maradhi ya kisukari akipata kidonda chini ya unyayo, na kidonda hicho kisimwume, hilo si jambo la kulifurahia hata kidogo. Vidonda vya namna hiyo ndivyo vilivyowatangulia watu wengi waliokatwa vidole, na wengine miguu.

Watu hao si wavivu wa kutafuta matibabu. Wengi huenda hospitali, husafishwa kidonda, hufungwa bandeji safi na kupewa vidonge, kisha hurudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe, wakikanyagia kidonda kile kile. Baada ya wiki nane kidonda kiko vile vile, au kimezidi. Hapo mtu huanza kuilaumu dawa. Hujaribu majani, hujaribu asali, hujaribu unga wa hiki na kile. Walakini aghalabu kosa haliko katika dawa. Kosa liko katika mzigo wa mwili, ambao kila hatua unakisaga kidonda kabla hakijapata nafasi ya kufunga.

Katika makala haya tutaeleza jambo hilo moja: namna mzigo unavyoondolewa juu ya kidonda ili kipone, na kwa nini njia zilizo bora ni zile ambazo mgonjwa mwenyewe hawezi kuzivua.

KWA NINI HAKIUMI

Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi, hasa kisipotunzwa vizuri, huharibu mishipa ya fahamu. Mishipa iliyo mirefu kuliko yote ndiyo inayotangulia kuharibika, nayo ni ile inayofika miguuni. Mtu huanza kuona ganzi, au huona kama anachomwachomwa na sindano, au nyayo humwaka moto usiku. Baadaye hasikii kitu. Malapa yaweza kumvuka mguuni asijue. Mwiba waweza kumwingia asubuhi, naye akauona jioni anapoosha miguu.

Pamoja na hayo, misuli midogo ya mguu hudhoofika, vidole hujikunja kama makucha, na vichwa vya mifupa iliyo nyuma ya vidole huelekea chini. Ngozi nayo hukauka kwa kuwa jasho halitoki kama kawaida. Pale mfupa unapokandamiza, ngozi hujihami kwa kufanya sugu. Lakini sugu ikishakuwa nene huwa kama kijiwe kilichoingia kiatuni: huongeza mkandamizo badala ya kuupunguza. Chini yake damu huvilia, nyama huchanika, na kidonda hujitengeneza kimya kimya. Ukiona sugu ya mtu wa kisukari ina weusi ndani yake au imeanza kulowana, usiseme bado hajapata kidonda. Huenda amekwisha kukipata.

Mtu mwenye hisia kamili, akitembea siku nzima, hubadilisha mwendo wake bila kujijua. Akiumia upande huu huegemea upande ule, na akichoka huketi. Maumivu ndiyo msimamizi wa mguu, hupiga kelele pale kazi inapozidi. Mtu wa kisukari aliyepoteza hisia hana tena msimamizi huyo, na mguu wake utafanya kazi mpaka uharibike.

Yafaa kila mwenye kisukari apimwe hisia za miguu angalau mara moja kwa mwaka. Hospitali hutumia uzi mgumu wa nailoni, unaofanana na mshipi wa kuvulia, ambao hupinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Nyumbani pia yawezekana kupima kwa njia nyepesi. Mgonjwa afumbe macho, na mtu mwingine amguse polepole kwa ncha ya kidole, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za kidole gumba, kidole cha katikati na kidole cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Hizo ni sehemu 6. Asisukume wala asipapase. Mgonjwa akikosa kuhisi sehemu 2 au zaidi, aende akamweleze daktari, hata kama hana kidonda chochote.

HESABU YA MZIGO

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu ana uzito wa kilo 70, naye amesimama wima, na nyayo zake mbili zimegusa ardhi kwa eneo la sentimita mraba 200. Kila sentimita mraba itakuwa imebeba gramu 350. Sasa apige hatua. Uzito wote huhamia mguu mmoja, tena huenda mbele, penye mzizi wa vidole, kwani kisigino kimekwisha kuinuka. Tuseme eneo linalogusa ardhi wakati huo ni sentimita mraba 25. Kila sentimita mraba itabeba karibu kilo 3, yaani mara nane ya ule mzigo wa kwanza. Ikiwa mfupa umechomoza, au pana sugu, sehemu kubwa ya mzigo huo huangukia mahali padogo kama sarafu. Aghalabu ndipo hapo hapo kidonda kilipo.

Mtu huyo akipiga hatua 5,000 kwa siku, ambazo si nyingi kwa mtu wa shamba, mguu wenye kidonda utakuwa umekanyaga mara 2,500. Nyama changa inayoota ndani ya kidonda ni laini kama nyama ya dafu. Nani atatarajia ikue na ikaze ikiwa inapondwa mara 2,500 tangu alfajiri hadi magharibi? Mtu anayepaka dawa kisha akaendelea kukanyagia kidonda ni sawa na mtu aliyepanda mche wa mkarafuu katika njia ya ng'ombe, kisha akailaumu mbolea.

HABARI YA DAKTARI BRAND

Mmoja katika waliofanya kazi kubwa ya kulifunua jambo hili alikuwa Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914. Mwaka 1946 alikwenda kufanya kazi katika chuo cha udaktari cha Vellore, kusini mwa India, na huko akawashughulikia wagonjwa wa ukoma. Wakati ule watu wengi, na madaktari pia, waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza yenyewe kwa sababu ya maradhi hayo. Brand na wenzake waliona vingine. Ukoma huua mishipa ya fahamu, na mguu usio na hisia huumizwa na mwenyewe kwa kuukanyagia mahali pale pale bila kujua. Mguu huo huo ukifungwa plasta ngumu, kama ile ya mtu aliyevunjika mfupa, kidonda kilifunga. Nyama haikuwa na kasoro ya kushindwa kupona. Ilikuwa haipewi nafasi.

Plasta za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kutumiwa India na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, katika miaka ya 1930. Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, ilipokuwapo hospitali ya taifa ya ukoma ya Marekani. Ilionekana kwamba mguu wa mtu wa kisukari aliyepoteza hisia una shida ile ile, basi na dawa yake ikawa ile ile. Kuanzia hapo plasta ngumu ikaingia katika matibabu ya kisukari, nayo ingali inatumika mpaka leo.

PLASTA NGUMU HUFANYAJE KAZI

Plasta hii hufungwa kuanzia chini ya goti mpaka kwenye vidole. Si kama plasta ya kawaida iliyojazwa pamba nyingi. Huwekwa pamba kidogo tu, hasa juu ya mifupa iliyochomoza, kisha plasta hufinyangwa ifuate umbo la mguu, unyayo na muundi, isiache nafasi ya kucheza. Faida yake ni nne.

Kwanza, mzigo huenea juu ya unyayo mzima badala ya kuangukia mahali pamoja. Pili, sehemu ya uzito, takriban theluthi, hubebwa na kuta za plasta kwenye muundi na haifiki chini ya unyayo kabisa. Tatu, kifundo hakikunjiki, kwa hiyo mtu hawezi kusukuma ardhi kwa mzizi wa vidole, na hatua zake huwa fupi na chache. Nne, uvimbe wa mguu hupungua, na damu hupita vizuri zaidi penye kidonda.

Kwa kuwa uvimbe hupungua upesi, plasta ya kwanza hulegea, na plasta iliyolegea inaweza kuchubua. Kwa hiyo ile ya kwanza hufunguliwa baada ya siku chache, kidonda kikaangaliwa na kusafishwa, sugu ikapunguzwa, na mguu ukafungwa upya. Baada ya hapo hubadilishwa kila wiki moja au mbili mpaka kidonda kifunge kabisa.

Mwaka 1989 huko Marekani ilichapishwa habari ya wagonjwa 40 wa kisukari wenye vidonda vya unyayo. Wagonjwa 21 walifungwa plasta ngumu, na 19 walipewa matibabu ya kawaida ya kusafisha na kufunga bandeji, pamoja na viatu vya kuwasaidia na shauri la kutokanyagia kidonda. Katika wale 21 walipona 19, kwa wastani wa siku 42. Katika wale 19 walipona 6 tu, kwa wastani wa siku 65. Mwanachama ayaangalie vizuri maneno "shauri la kutokanyagia kidonda." Wale 19 nao waliambiwa wasikikanyagie.

KIATU KINACHOVULIKA

Wengine watauliza: je, hakuna kiatu maalumu ambacho mtu atakivaa atembeapo na kukivua alalapo? Kipo. Kuna buti refu linalofika chini ya goti, lenye soli iliyobinuka kama ngalawa na mikanda ya kufungia. Kuna pia kiatu nusu, ambacho hukanyagiwa kisigino tu na sehemu ya mbele ikawa inaning'inia. Likivaliwa sawasawa, buti refu hupunguza mkandamizo karibu sawa na plasta.

Mwaka 2001 ilitolewa habari ya wagonjwa 63 waliogawanywa katika makundi matatu. Baada ya wiki 12, katika kila wagonjwa 100 waliofungwa plasta ngumu walipona kiasi cha 90, waliovaa buti la kuvulika walipona 65, na waliovaa kiatu nusu walipona 58. Watu walistaajabu, kwani katika vipimo buti na plasta vilikuwa karibu sawa. Tofauti hii ilitoka wapi?

Jawabu lilipatikana mwaka 2003. Wagonjwa walifungiwa chombo kidogo cha kuhesabu hatua, na chombo kingine kama hicho kilifichwa ndani ya buti. Ilionekana kwamba katika kila hatua 100 walizopiga kwa siku, ni 28 tu zilizopigwa wakiwa wamevaa buti. Zilizobaki walitembea bila ya buti. Hawakuwa watu wabaya wala wakaidi. Mtu huamka usiku kwenda chooni, huona ni hatua kumi tu, hulivaa la nini? Mguu hauumi, kwa hiyo hakuna cha kumkumbusha.

Mwaka 2005 likafanywa jaribio jingine. Buti lilikuwa aina moja kwa wagonjwa wote, ila karibu nusu yao walizungushiwa bandeji juu ya buti ili wasiweze kulivua. Baada ya wiki 12, katika wasioweza kulivua walipona 83 kwa kila 100, na katika wenye kuvua na kuvaa walipona 52. Buti lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa ni ile bandeji ya nje tu.

Kwa sababu hiyo, Kundi la Kimataifa la Mguu wa Kisukari, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 na tena wa mwaka 2023, limeshauri kwamba mtu aliyepoteza hisia, mwenye kidonda chini ya unyayo, sehemu ya mbele au ya katikati, apewe kwanza plasta au buti la kufika chini ya goti lisilovulika. La kuvulika ni la pili. Mwanachama akiambiwa na daktari kwamba atafungwa kitu ambacho hataweza kukivua, asidhani kwamba anadharauliwa au haaminiwi. Amefungwa kwa sababu mguu wake hauwezi kumwambia ukweli.

WASIOFAA KUFUNGWA PLASTA

Jambo hili lina hatari yake, na lazima lielezwe wazi. Plasta isifungwe na mtu asiyefundishwa, wala isijaribiwe nyumbani. Plasta mbaya juu ya mguu usio na hisia hutengeneza vidonda vipya ambavyo havitahisiwa.

Kabla ya kufunga, daktari huangalia mambo mawili. La kwanza ni damu, yaani kama mapigo ya mishipa ya mguuni yanapatikana. Mguu uliokosa damu ya kutosha haufai kubanwa, na mara nyingi mishipa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. La pili ni uchafuko wa kidonda. Kidonda chenye usaha mwingi, harufu, wekundu unaoenea au mfupa unaoonekana hutibiwa kwanza na kuangaliwa kila siku, na kitu cha kupunguzia mzigo huwa cha kuvulika. Hali kadhalika hutazamwa kama mgonjwa anaweza kusimama bila kuanguka, kwa sababu buti au plasta huufanya mguu mmoja kuwa mrefu kuliko mwingine. Yafaa kiatu cha mguu wa pili kiongezwe soli ili miguu ilingane, na mtu awe na bakora.

Mwenye plasta arudi hospitali mara moja, asingoje siku yake, akiona mojawapo ya haya: homa au baridi ya ghafla, sukari kupanda bila sababu, harufu mbaya, majimaji yanayotokea nje ya plasta, uvimbe juu ya goti, vidole kubadilika rangi au kuwa vya baridi, plasta kuvunjika, kulowana au kulegea.

Kuna pia mguu wa kisukari unaovimba, ukawa mwekundu na wa moto, pasipo kidonda wala jeraha. Huenda mifupa ya ndani inavunjika bila maumivu. Huo nao ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na mtu asiukanyagie, kwani matibabu yake makubwa ni plasta hii hii.

IKIWA PLASTA HAIPATIKANI

Si kila kituo cha afya kina mtu wa kufunga plasta hii. Tanzania imepata kuwa na mradi ulioitwa Hatua kwa Hatua, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Mradi huo ulifundisha madaktari na wauguzi wawili wawili kuhudumia miguu ya watu wa kisukari. Kwa hiyo mwanachama asione haya kuuliza katika kliniki ya kisukari: "Ni nani hapa anayeshughulikia miguu, na mzigo wa kidonda changu utaondolewaje?" Asipoulizwa, huenda mtu akaondoka na bandeji tu.

Panapokosekana plasta na buti, mwongozo ule ule unakubali njia ya tatu. Hukatwa kipande cha feliti, yaani kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, pamoja na sponji, kikabandikwa chini ya unyayo au ndani ya kiatu kilicho kipana, na mahali pa kidonda pakaachwa wazi. Uzito hubebwa na feliti pembeni, na kidonda hakiguswi. Kipande hicho kiwe kipana na kifuate unyayo. Kisiwe kipete kidogo kinachozunguka kidonda, kwani kipete huikaza ngozi ya ukingoni na kuinyima damu. Muuguzi ndiye akibandike, na kibadilishwe kila kinapobonyea.

Pamoja na hayo yapo magongo, ambayo humwezesha mtu kutokanyagia kabisa, na kipo kiti cha magurudumu. Kidonda kikiwa pembeni au juu ya kidole kwa sababu ya kiatu kilichobana, kiatu kile kiachwe moja kwa moja. Mgonjwa wa kulala kitandani mwenye kidonda cha kisigino awekewe mto chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani bila kugusa godoro.

Sugu nayo ni mzigo. Ikipunguzwa na muuguzi kwa kisu safi, mkandamizo wa mahali pale hupungua kwa karibu robo. Lakini isikatwe nyumbani kwa wembe, wala isipakwe dawa kali ya kuila, maana asiyehisi hatajua amefika wapi.

Vidonda vingine hukataa kupona hata baada ya haya yote, kwa sababu kano zimekaza. Daktari mpasuaji anaweza kurefusha kano ya kisigino ili mzigo wa mbele upungue. Ikiwa kidonda ni cha ncha ya kidole kilichojikunja, hukatwa kano ndogo ya chini ya kidole ili kinyooke. Upasuaji huu wa kano ya kidole ni mdogo, wala haufanani na kukatwa kidole.

SHAMBANI NA NYUMBANI

Sasa turudi kwa yule mwenzetu aliyefunga kitambaa. Anajua karafuu hazingoji. Zikipevuka hazichumwi kesho kutwa. Akikaa nyumbani wiki sita, nani atasimamia? Hofu yake ni ya haki, wala haifai kumjibu kwa maneno ya "kapumzike" tu. Yafaa jamaa zake na majirani zake wakae naye wapange kazi.

Kazi ya kwanza ya kuachwa ni kupanda. Mchumaji huupanda mkarafuu kwa miguu mitupu, na uzito wake wote husimama juu ya tawi jembamba au pao la ngazi. Hakuna mkandamizo uliozidi huo. Ya pili ni kugeuza karafuu juani kwa miguu mitupu. Sakafu ya kuanikia ikipata jua la adhuhuri inaweza kumwunguza asiyehisi. Lakini kazi za kuketi hazikatazwi: kuchambua makonyo, kupima pishi za wachumaji, kuandika daftari, kulinda majamvi na kutazama mvua. Aketi juu ya kiti au kibao, mguu ukiwa umenyooshwa. Asikunje miguu juu ya jamvi saa nyingi, kwani kifundo cha nje hukandamizwa sakafuni na kufanya kidonda kipya.

Nyumbani ndiko kwenye hatua nyingi zilizosahauliwa. Sisi huvua viatu mlangoni, na hiyo ni desturi njema. Walakini mwenye buti la kuvulika aambiwe na watu wa nyumbani kwamba buti hilo ni dawa, si kiatu, na dawa haivuliwi mlangoni. Lipanguswe soli kwa kitambaa, aingie nalo. Wakati wa usiku awekewe chombo karibu na kitanda asilazimike kwenda chooni. Maji na chai aletewe. Mke au mume, na watoto walio wakubwa, wakijua sababu yake watamsaidia zaidi kuliko wakimwona ni mgonjwa mwenye kudeka.

Wengi huuliza habari ya sala. Mwenye kidonda anaweza kusali juu ya kiti, ili vidole visikandamizwe katika kusujudu na kuketi. Na kuhusu udhu, hukumu ya kupangusa juu ya bandeji na plasta inajulikana kwa maulamaa wetu. Basi aulizwe sheikh mapema, kabla ya kufungwa, asije mtu akailowesha plasta au kuifungua kwa jambo ambalo lilikuwa na ruhusa.

Wala mtu asisahau maradhi yenyewe. Sukari isipotunzwa, na sigara isipoachwa, kidonda kitachelewa hata mzigo ukiondolewa.

KIKISHAFUNGA

Siku kidonda kinapofunga, kazi haijaisha. Ngozi mpya ni nyembamba, na mfupa uliochomoza bado upo mahali pake. Katika kila watu 10 waliopona, karibu 4 hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo atoke kwenye plasta aingie moja kwa moja katika kiatu kinachomfaa: kipana, chenye kina cha kutosha vidole, soli ngumu nje na laini ndani. Asirudie malapa membamba wala miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa aingize mkono kiatuni atafute kijiwe au msumari. Kila jioni aangalie nyayo zake kwa kioo, au mtu wa nyumbani amwangalie, na baina ya vidole pakaushwe kila baada ya kuosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunawaomba wanachama wote, kabla msimu haujaanza, kila mmoja aulize nyumbani kwake na kwa wachumaji wake: ni nani ana kisukari, na nani miongoni mwao ana ganzi au sugu miguuni? Watu hao wapelekwe wakapimwe sasa, wakati kazi bado ni chache. Na atakayekutwa na kidonda asipewe ngazi. Apewe kiti, daftari na pishi, na mtu wa kumfuatana hospitali. Wiki sita bila ya kupanda mkarafuu ni hasara, hatukatai, lakini ni hasara ya msimu mmoja. Mwenye mguu wake atachuma msimu ujao.